Yowe la Kidato cha Pili

Mwalimu Helena alikuwa na ugonjwa mmoja: alitaka watoto wasiosema waseme. Ugonjwa wenyewe aliupata Musoma, kwenye semina ya mtaala mpya. Waliambiwa huko kwamba mwanafunzi sasa hapimwi kwa kukariri tu, bali kwa anavyofikiri, anavyouliza, anavyoshirikiana na wenzake na anavyotatua tatizo likimkuta. Walimu wengine walisinzia wakingoja chai. Helena aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino, akarudi na moto wake kwenye shule yao nje kidogo ya Butiama. Alikuwa mtoto wa mjini, wa Kamunyonge, na bado aliamini kwamba jambo likisemwa vizuri semina litafanyika tu darasani.

Wa kwanza kumcheka alikuwa Mwalimu Revocatus, wa Uraia, mtu mzima mwenye sauti ya kanisani na fimbo isiyokauka.

"Madam, hii vitu mnaletaga kutoka Musoma haina mwisho," alimwambia ofisini. "Stadi za maisha mimi nilifundishwaga na bakora, na unaniona niko sawa tu."

"Ndiyo maana hakuna mtoto anayekuulizaga swali, Mwalimu."

"Waulize nini? Majibu si ninayo mimi!"

Ofisi nzima ikacheka, na Helena naye akacheka kwa shingo upande. Revocatus hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempokea siku ya kwanza, akamtafutia chumba, akamwombea mkopo wa godoro dukani. Hilo likumbukwe, maana litatusumbua baadaye.

Aliyemshinda Helena hasa alikuwa msichana wa kidato cha pili, Matiko Masatu. Hakuwa mjinga, la hasha. Madaftari yake yalikuwa safi na hesabu zake zilikuwa sahihi. Ila mdomo aliufunga kama mlango wa duka siku ya msiba. Tangu mwaka uanze hakuwahi kunyoosha mkono. Helena akija kwenye kipengele cha kuuliza maswali alimpa sifuri, roho ikamsuta, akambadilishia kuwa moja. "Matiko," alimwambia mara nyingi, "siku utakayoniuliza swali lako la kwanza, nitakununulia soda." Matiko alitabasamu akaangalia chini.

Basi ikafika tathmini ya muhula. Kila kikundi kichague tatizo la jamii yake, kiliigize mbele ya wenzao, kisha kionyeshe ufumbuzi. Kikundi cha Matiko kilichagua wizi wa ng'ombe na watu kujichukulia sheria mkononi. Helena alifurahi mno. Hapo sasa ndipo penye fikra, alisema.

Mwizi angekuwa Gody, mvulana mrefu, mcheshi, aliyehamia muhula huohuo kutoka Kabasa, Bunda. Mama yake aliuza nguo za mtumba kule, na alimleta Butiama akae kwa mjomba wake, mbali na vijiwe vya mjini. Kijijini hakujulikana sana. Mwenye ng'ombe angekuwa Matiko, kwa sababu baba yake, Mzee Masatu, alikuwa na dume jekundu lenye pembe moja iliyovunjika, na boma lao lilipakana na uwanja wa shule. Mchezo ulipangwa hivi: mwizi aswage ng'ombe, Matiko apige yowe, wenzake waje na fimbo, mwenyekiti aseme tusimpige, tumpeleke polisi. Halafu makofi.

Kwenye mazoezi darasani Matiko alitoa kisauti kama cha mtu anayemwita jirani amwazime chumvi.

"Matiko, huyo ng'ombe umempoteza au umempata?" Helena aliuliza, na darasa likaangua kicheko.

"Yowe haipigwagi bure, Madam," Matiko alisema, kwa sauti iliyosikika viti viwili tu.

"Si ndiyo maana tunaigiza? Kesho nataka nisikie kweli. Alama ziko kwenye uhalisia."

Matiko alifungua mdomo, akaufunga. Hapo ndipo swali lilipotakiwa kuulizwa, na wa kuliuliza alikuwa mwalimu. Lakini mwalimu alikuwa ameshageukia kikundi kingine.

Maana vijiji vile vina jambo lao. Yowe likipigwa, mwanamume anaacha ugali mdomoni, anaacha mgonjwa kitandani, anachukua silaha na kukimbilia sauti inakotoka. Haulizi kwa nini. Asiyekwenda anaulizwa na sungusungu alikuwa wapi, na anatozwa mpaka ajute. Na yowe lina mwenyewe. Aliyelipiga ndiye mwenye neno, na akilipiga kwa uongo aibu yake haifutiki. Helena alishawahi kusikia habari hizo kwa bibi yake, lakini alizisikia kama mtu anavyosikia habari za njaa ya zamani huku ameshiba.

Kibaya zaidi, wiki iliyopita wezi waliingia bomani kwa Mzee Stanislausi wakaondoka na ng'ombe wote. Mwanawe aliyejaribu kuwazuia alikatwa panga la bega, na hadi siku ile alikuwa hajaweza kuinua mkono. Wanaume walikuwa wamewatafuta wezi porini hadi miguu ikavimba, wakarudi na hasira isiyo na pa kwenda.

Siku ya tathmini ilikuwa asubuhi yenye jua zuri. Gody alijipaka masizi uso mzima, akavaa koti la zamani la mjomba wake juu ya shati la shule, akalifunga vifungo mpaka shingoni. Mzee Masatu alikuwa amekwenda mnadani Bunda. Dume alilitoa bomani Matiko mwenyewe. Wanafunzi wakakaa kwenye nyasi. Gody akatokea akinyata, akichungulia huku na huku kwa vituko, akaanza kulivuta dume kwa kamba, na watoto wakacheka hadi wakalala chini.

Matiko akasimama. Alimtazama mwalimu wake mara moja. Helena akamwashiria kwa mkono: pandisha, pandisha!

Akapiga.

Helena hakuwa amewahi kusikia sauti ile kutoka kwa mtu anayemjua. Ilianzia chini, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena, na nywele zilimsimama. Kicheko kilikatika. Akaona jambo lililomtisha kuliko sauti yenyewe: wavulana waliokuwa wakicheka sasa hivi, watoto wake, waliokuwa wameandika insha juu ya haki za mtuhumiwa, waliinama wote kwa pamoja kuokota mawe. Hawakuwa wakiigiza. Mikono yao ilikwenda yenyewe.

Kutoka ng'ambo ya mashamba yowe likajibiwa. Likajibiwa tena upande wa mtoni, na tena kilimani.

"Inatosha!" Helena alisema. "Matiko, inatosha, asante."

Matiko alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

Wanaume walitokea kwenye mihogo. Walikuja mbio bila kupiga kelele, vifua wazi, wengine na majembe waliyokuwa wakilimia, wengine na marungu, mmoja na mkuki. Waliona dume jekundu la Masatu. Waliona kijana wasiyemjua, mwenye masizi usoni, ameshika kamba. Walihitaji kuona nini tena?

Gody alifanya kosa ambalo mgeni yeyote angelifanya. Alikimbia.

Alikimbilia upande wa jiko la shule, kwa walimu. Na kutoka jikoni alitokea Mwalimu Revocatus, ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili. Yowe lilimkuta huko akiongea na mpishi. Gody alimnyooshea mikono kama mtu aliyeona mlango. Revocatus aliuzungusha mpini na kumpiga wa taya. Helena aliusikia mfupa ukivunjika. Gody alizunguka, akaanguka kwa magoti, akatema damu na jino.

"Ni Gody!" Helena alipiga ukelele. "Ni mwanafunzi! Ni mchezo jamani, ni mchezo!"

Revocatus aliganda. Alimtazama Helena, akamtazama mtoto, na uso wake ukafa. Mpini ukamtoka mikononi. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye tangi la maji, akasimama nyuma yake. Helena alimwona kwa macho yake mawili.

Wale wengine hawakusikia kitu. Walimfikia Gody na kazi ikaanza. Rungu la mgongo. Teke la mbavu. Ubapa wa panga ukampiga sikioni, na sikio likachanika. Alijikunja akaficha kichwa. Mtu akamkanyaga vidole mpaka akakifichua. Helena alijitupa kati yao, akavuta shati la mmoja, akang'ata mkono wa mwingine. Walimwinua wakamtupa pembeni, na paja lake likachanwa na jembe asijue.

"Wanawake wa wezi ndivyo wanasemaga!" mmoja alimfokea. "Ati mchezo! Na bega la mtoto wa Stanislausi lilikuwa mchezo?"

Mtu alileta majani makavu. Mtu mwingine aliuliza nani ana kiberiti.

Helena alipiga magoti kwenye vumbi akaomba Mungu, kwa sauti, kwa maneno yasiyo na mpango. Alijua sasa kwamba mtoto atakufa mbele yake, na atakufa kwa sababu ya alama.

Ndipo Matiko akapita karibu naye. Hakukimbia. Alipita katikati ya wanaume kama binti anayekwenda kuchukua kitu chake, na wao, kwa mazoea tu, wakampisha. Akamfikia Mzee Stanislausi, aliyekuwa ameinua rungu kwa pigo la kichwa, akalishika lile rungu huku liko juu.

"Leta, baba. Yowe ni yangu."

Akaongeza maneno ya kinyumbani, Kizanaki, ambayo Helena hakuyajua. Mzee alimtazama. Wote walimtazama.

"Ng'ombe ni ya Masatu, na mimi ni mtoto wa Masatu. Yowe nimepiga mimi. Mnaua mwizi yangu bila kuniuliza?"

Mzee Stanislausi akaliachia.

Matiko aliligeuza rungu mkononi, akamwinamia Gody. Gody alimwona. Jicho moja lilikuwa limeziba, lakini lile la pili lilimwona na kumtambua, na likaanza kutumaini. Matiko akampiga. Alimpiga mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kwa nguvu zake zote za kutwanga, na mkono ukapinda mahali pasipopinda mkono. Gody alitoa mlio wa mbuzi. Wanaume wakaguna kwa kuridhika.

"Sasa bakini hapo hapo," Matiko alisema. Alikuwa akihema, lakini sauti haikutetemeka. "Huyu akifa, Mzee Stanislausi, ng'ombe zako utaenda kuuliza kaburini? Nani atatuambia ziko wapi? Maiti inasemaga?"

Aliyekuwa akitafuta kiberiti alisimama na mkono mfukoni.

"Mtoto anasema kweli," mtu mmoja alinong'ona.

"Leteni maji azinduke aseme wenzake. Na hiyo koti mfungueni, anashindwa kupumua."

Ndoo ikaja kutoka jikoni. Wakamwagia. Masizi yakateremka na damu mpaka shingoni, na chini yake ukatokea uso wa mtoto ambaye hata ndevu hajaota. Mtu akakata vifungo vya koti kwa ncha ya panga. Ndani kulikuwa na shati jeupe na nembo ya shule mfukoni, ileile iliyokuwa kwenye vifua vya watoto wote waliowazunguka wakilia.

Mzee Stanislausi aliitazama ile nembo muda mrefu, akavua kofia. Kisha wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kuangaliana, wakiburuta majembe yao. Wa mwisho alipoondoka Matiko aliweka rungu chini taratibu, akakaa juu ya nyasi kando ya Gody.

Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbua usaha. Gody alipelekwa Musoma, akalazwa na taya iliyofungwa nyaya na mkono kwenye plasta. Madaktari walisema ataishi. Mama yake, Flora, alifika kutoka Kabasa na kanga moja, hakulia, aliuliza tu: "Nani?" Alimuuliza daktari, akamuuliza mkuu wa shule, akamuuliza mfagizi. Alipokosa jibu alikwenda polisi.

Askari walikuja shuleni kesho yake. Kijijini hakuna aliyekuwepo. Huyu alikuwa kisimani, yule alikuwa na malaria, na mwenye mkuki ati hakuwahi kuwa na mkuki. Wakaja kwa wanafunzi, wakauliza nani aliona mtu akimpiga Gody. Watoto waliangalia viatu vyao.

Matiko akasimama.

"Mimi nilimpiga. Mkono. Na yowe nilipiga mimi."

Askari alifurahi, maana mtu aliyetoka kutafuta punda hatakataa kupewa kamba. Helena alipokimbilia ofisini kwa mkuu wa shule alimkuta na Revocatus. Revocatus alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono magotini, hakuinua uso.

"Bila yule binti Gody angekuwa mochwari!" Helena alisema. "Mkuu, hawawezi kumchukua!"

"Watamhoji tu, watamrudisha," mkuu alisema. "Sasa Madam, nikuulize. Ulimwona nani mwingine? Ulikuwa unapiga kelele, umeanguka, umeumia. Mtu katika hali hiyo haonagi vizuri. Si kweli? Tufikirie jina la shule. Tufikirie na wewe mwenyewe, maana zoezi lilikuwa la nani?"

Helena alimtazama Revocatus. Aliyaona mabega yake yalivyoshuka. Alikumbuka godoro. Alikumbuka pia, tusimfanye malaika, kwamba kama mwalimu mmoja ataanza kutajwa, wa pili atakuwa yeye.

"Sikuona vizuri," alisema.

Wakampandisha Matiko nyuma ya gari la polisi. Alikaa wima kati ya askari wawili, akimtazama mwalimu wake mpaka gari lilipopinda.

Siku iliyofuata askari alitaka mgonjwa amtambue aliyemuumiza. Wakakusanyika wodini Musoma: askari, Flora, mkuu wa shule, Helena anayechechemea, na Revocatus, aliyekuja na mfuko wa machungwa kwa niaba ya walimu. Machungwa, kwa mtoto asiyeweza kufungua mdomo! Matiko aliingizwa mwisho, kwa sare ileile aliyolala nayo kituoni.

Flora alimrukia. Alimzaba kofi, akamzaba la pili, pua ikatoka damu, ndipo askari akamshika. "Mwanangu alikukosea nini?" alilia, sasa ndipo alipolia. "Alikukosea nini, shetani wewe?" Matiko hakujikinga. Aliiacha damu imdondokee sketi.

Kutoka kitandani Gody alinguruma kooni. Alikuwa akitikisa kichwa, na kila akitikisa machozi ya maumivu yalimtoka. Alinyoosha mkono mzima, akashika mkunjo wa sketi ya Matiko, akamvuta karibu na kitanda.

"Ndiye huyu?" askari aliuliza.

Gody alitikisa kichwa: hapana. Akaachia sketi. Mkono ukapanda, ukapita kwa mkuu wa shule, ukapita kwa Helena, ukasimama. Kidole kilielekea kwenye mfuko wa machungwa, na kwa mtu aliyeushika.

"Kijana ana homa," mkuu wa shule alisema haraka. "Anachanganya watu. Huyu ni mwalimu wake."

"Ni kweli," Revocatus alisema, na sauti ya kanisani haikuwepo. "Mimi... kichwa kimeumia, masikini."

Askari alimgeukia Helena. "Madam, wewe ulikuwepo. Kijana anachanganya?"

Helena alikuwa amewapa watoto wale alama za ujasiri. Alikuwa amewapa alama za kusema kweli hata inapouma, tano kwa anayeweza, moja kwa asiyeweza. Alimwona Matiko, damu imeganda juu ya mdomo, anamsubiri.

"Hachanganyi," alisema. "Mwalimu Revocatus ndiye aliyempiga taya, kwa mpini wa jembe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwona. Na waliomfuata pia niliwaona, nitawataja. Huyu binti alimpiga mkono ili wamwache hai. Na zoezi lilikuwa langu. Alinionya, sikumsikiliza."

Mfuko ulianguka, machungwa yakabingirika chini ya vitanda. Revocatus aliketi sakafuni palepale, akajifunika uso, akalia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa. Flora alimtazama, akamtazama Matiko, kisha akaiangalia mikono yake mwenyewe kama vile si yake. Akachovya ncha ya kanga kwenye maji ya mgonjwa, akaanza kumfuta yule binti pua.

Helena alisogea. Alitaka kusema pole. Alitaka kusema ahsante, na umefaulu, na mengine mengi ambayo walimu husema. Lakini Matiko aliusogeza pembeni mkono wa Flora kwa heshima, akainua uso, akamwangalia mwalimu wake machoni.

"Madam," alisema. "Mbona jana hukusema?"